Risala ya Klabu ya Afya kwa Mgeni Rasmi: Usubi, Kifafa na Utafiti Uliofanyika Mahenge

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule na walimu wetu,
Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Shule,
Viongozi wa kata na vijiji,
Wagawa dawa wa jamii mliofika,
Wazazi, walezi na wanafunzi wenzetu,

Shikamooni. Itifaki imezingatiwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakushukuru kwa kukubali kuja huku Ulanga katika mahafali haya ya kidato cha nne. Wazee wetu wanakumbuka jinsi safari ya kutoka Ifakara ilivyokuwa wakati watu walipovuka Mto Kilombero kwa kivuko. Sasa daraja lipo, lakini vijiji vingi vya milimani bado havifikiki kirahisi, hasa mvua za masika zinapokolea. Tunajua ulikotoka ni mbali, na kufika kwako kumetupa moyo.

Habari za madarasa, nyumba za walimu na matundu ya vyoo utazisikia katika taarifa ya Mkuu wa Shule. Sisi wana Klabu ya Afya tumeomba nafasi hii tuzungumzie jambo moja tu, kwa kuwa limegusa karibu kila ukoo uliopo hapa uwanjani. Nalo ni ugonjwa wa usubi, pamoja na kifafa kinachoandamana nao.

Usubi huenezwa na nzi mdogo mweusi anayezaliana kwenye maji yaendayo kasi. Milima ya Mahenge ina mito na vijito vingi vya namna hiyo. Mama anayefua mtoni, kijana anayelima bondeni na mtoto anayetumwa maji ndio wanaoumwa na nzi huyo zaidi. Nzi akimuuma mwenye ugonjwa hunyonya vijiminyoo, yaani watoto wa minyoo inayoleta usubi, na siku kadhaa baadaye humwachia mtu mwingine. Minyoo hukomaa ndani ya mwili na kukaa kwenye vinundu chini ya ngozi. Jike huweza kuishi zaidi ya miaka 10, akitoa vijiminyoo kwa mamia kila siku. Vijiminyoo hivyo husambaa kwenye ngozi na kufika hadi machoni. Vinapokufa, mtu huwashwa usiku kucha, ngozi hukunjamana na kutoka mabaka, na baadhi ya watu hupofuka kabisa.

Dawa yake ipo. Inaitwa Mectizan, na jina lake la kitaalamu ni ivamektini. Chanzo chake ni bakteria waliopatikana kwenye udongo huko Japani, na wanasayansi Satoshi Ōmura na William Campbell walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa ugunduzi huo. Tangu mwaka 1987 kampuni ya Merck imekuwa ikiitoa bure kwa ajili ya usubi. Hapa Mahenge ilianza kugawiwa mwaka 1997, kwa utaratibu ambao kijiji chenyewe huchagua wagawaji wake. Wagawaji hao hupita nyumba kwa nyumba na fimbo ya kupimia urefu, kwa sababu idadi ya vidonge hutegemea kimo cha mtu. Watoto wadogo wasiofikia alama ya kwanza kwenye fimbo hawapewi, wala wajawazito, wala wagonjwa mahututi.

Kuna jambo ambalo wazazi wetu wengi hawakuelezwa vya kutosha, na tunaona ndilo lililofanya baadhi yao wakate tamaa. Dawa hii huua vijiminyoo lakini haiui minyoo wakubwa. Inawazuia tu kuzaa kwa miezi kadhaa, kisha wanaanza tena. Kwa hiyo anayemeza mwaka huu akaruka miaka miwili inayofuata anakuwa karibu amerudi alipoanzia. Mzee akisema, "Nilishakunywa dawa hiyo zamani na bado najikuna," hasemi uongo wala si mkaidi, ila hakuna aliyekaa naye akamweleza.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwishoni mwa miaka ya 1950 alifika Mahenge daktari kijana kutoka Norwei, Louise Aall, ambaye baadaye alijulikana kama Louise Jilek-Aall. Alikuta kifafa kimejaa katika familia za huku kuliko alivyotarajia popote. Wagonjwa walikuwa wakifichwa, wengine wakiwa na makovu makubwa ya moto, kwa kuwa watu waliogopa kumgusa aliyeanguka jikoni, wakiamini kwamba mate na povu lake vinaambukiza. Alifungua kliniki ya kifafa, akaanza kuwatibu kwa dawa, na katika maandiko yake akaeleza pia watoto waliokuwa wakiinamisha kichwa mara kwa mara kwa namna ya mtu anayesinzia. Kwa nini kifafa kilikuwa kingi hivyo? Swali hilo lilibaki bila jibu kwa miongo mingi, na pengo hilo likajazwa na maneno ya laana na uchawi. Kuna ndoa zilizovunjika kwa sababu hiyo, na kuna watoto waliofungiwa ndani.

Mwaka 2017 watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kituo cha Tanga, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Antwerp cha Ubelgiji, walikuja kulitafutia jibu. Walipita kaya kwa kaya katika vijiji vinne, viwili vya mbali, Mdindo na Msogezi, na viwili vilivyo karibu na mji wa Mahenge. Waliwahoji watu zaidi ya 5,000, na wale walioonyesha dalili wakachunguzwa na madaktari. Matokeo yalitoka mwaka 2018. Katika vijiji vya mbali, watu 35 katika kila 1,000 walikuwa na kifafa, na katika vijiji vya karibu na mji walikuwa 15. Watoto wa miaka 6 hadi 10 walitobolewa kidole na kupimwa damu kuona kama miili yao imewahi kukutana na minyoo ya usubi. Waliogundulika walikuwa wengi zaidi kule kule kwenye kifafa kingi. Mheshimiwa, hawa ni watoto waliozaliwa karibu miaka 10 au zaidi baada ya dawa kuanza kugawiwa. Maana yake ni kwamba nzi walikuwa bado wanaendelea kueneza ugonjwa, na mgao wa mara moja kwa mwaka, ukiwa na watu wengi wanaoukosa, haukutosha.

Nchini Kameruni nako, katika bonde la Mto Mbam, watafiti walirudi mwaka 2017 kuwatafuta watu waliopimwa usubi wakiwa watoto mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wale waliokuwa na vijiminyoo vingi zaidi utotoni ndio waliopata kifafa kwa wingi zaidi baadaye. Wanasayansi bado wanachunguza ni kwa njia gani hasa usubi huleta kifafa, lakini uhusiano wenyewe umeonekana katika nchi kadhaa. Kwa kawaida kifafa cha aina hii huanza mtoto akiwa na umri wa kati ya miaka 3 na 18, nao ndio umri wa kuwa shuleni.

Kuanzia mwaka 2019 Mahenge ilianza kugawiwa dawa mara mbili kwa mwaka. Watafiti walipofuatilia vijiji vya huku miaka michache baadaye, walikuta wagonjwa wapya wa kifafa wamepungua sana. Tunaomba wazazi mlioko hapa mlisikie hili vizuri. Kuna watoto wa wilaya hii ambao leo wanacheza mpira kwa sababu vijiji vyao vilimeza dawa mara mbili kwa mwaka. Hawajulikani kwa majina, kwa kuwa hawakuugua. Kwetu sisi hiyo ndiyo habari kubwa kuliko zote zilizowahi kutoka katika milima hii, na inatuuma kuona kwamba wanakijiji wengi waliotoa damu yao na vipande vya ngozi zao ili ipatikane hawajawahi kuisikia.

Klabu yetu iliundwa ili kuisambaza habari hii. Tumeandaa igizo ambalo tumelionyesha kwenye mikutano ya vijiji na baada ya ibada, na tunawasaidia wagawa dawa kuandika daftari la kaya. Katika kuandika huko tumeona ni nani hasa anayekosa dawa. Wengi hawakatai. Wanakuwa wamehamia kwenye mashamba ya mpunga bondeni na familia nzima, na mgawaji anakuta mlango umefungwa. Wengine ni vijana wanaosema hawaumwi. Wachache waliwahi kuvimba au kuwashwa sana baada ya kumeza, wakaogopa, kumbe hiyo ilikuwa ni dalili ya vijiminyoo kufa, na mara nyingi hupita yenyewe baada ya siku chache.

Tunajifunza pia namna ya kumhudumia aliyeanguka kifafa. Mwondoe karibu na moto na maji, mlaze ubavu, weka kitu laini chini ya kichwa, legeza nguo shingoni, usimwekee kijiko mdomoni, na kaa naye mpaka azinduke. Povu lake haliambukizi. Tumerudia maneno haya mara nyingi darasani, mpaka siku mwenzetu mmoja alipoanguka wakati wa gwaride la asubuhi na hakuna aliyekimbia.

Mwenzetu huyo, ambaye hatutamtaja jina, aliwahi kuacha shule kwa zaidi ya muhula mzima. Dawa yake ya fenobabitoni ilikuwa imekwisha kwenye zahanati ya karibu na kwao, na nauli ya kwenda mjini haikupatikana. Kifafa kilirudi kwa nguvu, akaungua mkono. Alipopata dawa tena alirudi darasani, na leo ni mmoja wa wahitimu walioketi mbele yako. Fenobabitoni ni miongoni mwa dawa za bei nafuu kabisa za kifafa, na mgonjwa akikatizwa ghafla anaweza kuwa katika hatari kubwa zaidi. Kwa hiyo ombi letu la kwanza na la msisitizo ni hili: utusaidie kuhakikisha dawa za kifafa hazikauki kwenye zahanati za vijijini, badala ya kupatikana mjini peke yake.

Tunaomba pia mgao wa mara mbili kwa mwaka usije ukapunguzwa kwa sababu tu takwimu zimeanza kuwa nzuri, na ratiba yake ipangwe kabla watu hawajashuka mashambani. Niger ilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani mwezi Januari 2025 kuwa nchi ya kwanza Afrika kutokomeza maambukizi ya usubi, na ilifika hapo kwa kazi ya miongo mingi iliyohusisha dawa na pia kupambana na nzi. Kaskazini mwa Uganda, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba wanakijiji walipofyeka majani yanayoning'inia kwenye maji ya kasi, ambako viluwiluwi vya nzi hawa hujishikiza, nzi wanaouma walipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Panga tunazo na vijana tupo. Tunachohitaji ni mtaalamu wa kutuonyesha sehemu za kufyeka na wakati unaofaa, ili tusiharibu kingo za mito bure.

Kwa watafiti, kama utapata nafasi ya kuwafikishia neno letu, tunawaomba kila utafiti unaofanyika huku urudishwe kijijini kwa Kiswahili, kwenye mkutano wa hadhara, kwa maneno ambayo bibi anaweza kuyapeleka nyumbani. Klabu yetu iko tayari kuandaa mkutano huo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wagawa dawa wa jamii wa kata hii wameketi chini ya mwembe, upande wako wa kushoto. Wanapanda na kushuka milima hii kwa kujitolea, na wengine wamefanya kazi hiyo tangu kabla sisi hatujazaliwa. Tunaomba, kabla hujagawa vyeti, uwasimamishe na kuwapa mkono mmoja mmoja.

Tunaomba kuwasilisha.