MINTARAFU: Feni ya jikoni iliyofungwa bila waya wa arthi

Donholm, Nairobi
17 Machi 2025

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Fundi wenu alikuja kwangu Jumamosi, tarehe 8 Machi, akafunga feni ya kuvuta moshi juu ya jiko. Nikamlipa shilingi 3,500 za ufundi kwa M-Pesa, akaenda zake. Feni ilizunguka, moshi ukatoka, sikuwa na neno.

Jumanne jioni, dada anayetusaidia nyumbani alikuwa akiosha vyombo. Akanyoosha mkono wenye maji apanguse mafuta kwenye kava la bati, stima ikamrusha hadi akajigonga kwenye friji. Swichi ya feni ilikuwa imezimwa. Naomba msome hapo mara ya pili: imezimwa.

Nilizima stima ya nyumba nzima, na asubuhi nikaita fundi wa mtaani. Alifungua kava, mimi nikimshikia tochi. Waya wa arthi, ule wa kijani na manjano unaopeleka ardhini stima inayovuja, ulikuwa umekatwa, ukakunjwa na kuzungushiwa tepu nyeusi. Pale kebo inapopenya bati hapakuwa na kile kimpira cha kuikinga. Ilivutwa kwa nguvu, bati likauchuna waya wa kahawia, yaani laivu, ule unaoleta stima, mpaka shaba ikaonekana.

Kisha swichi. Nyumba yetu ni ya zamani, nyaya za ukutani ni nyekundu na nyeusi. Fundi wenu alipitisha nyeusi, yaani nyutro, waya wa kurudisha stima, kwenye swichi, laivu akaiacha iende moja kwa moja hadi kwenye feni. Ukizima, feni inasimama, lakini volti 240 zingali pale juu ya sufuria zako. Tuliporudisha stima kwa muda mfupi, swichi ikiwa imezimwa, testa bado iliwaka. Karatasi iliyokuja na feni inataka fyuzi ya ampea 3. Tulikuta ya 13. Arthi ingekuwepo, hata hiyo ya 13 ingeungua bati lilipoguswa na laivu, nasi tungejua mapema.

Nilipopiga simu ofisini kwenu, niliambiwa tuwe tunavaa viatu vya mpira tukipika. Viatu! Kwani tumenunua feni au tumehamia kwenye transfoma?

Nataka mnirudishie hizo 3,500 pamoja na 1,500 nilizomlipa fundi wa mtaani. Mlete fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli, aje nayo mkononi niione, abadilishe kebo yote, aweke swichi inayokata laivu na nyutro kwa pamoja, na apime arthi nikiwa nimesimama hapo. Yule wa kwanza asirudi kwangu. Na kama amefunga feni kwingine mwezi huu, wapigieni simu wenye nyumba hizo leo.

Picha sita zimeambatishwa. Nawapa siku saba, kisha nitazipeleka EPRA. Kwa sasa tunapika dirisha likiwa wazi.

Wenu,
Mteja wa Donholm