Barua ya wazi kwa Rais wa Chama cha Soka cha Uskoti: Hughie Gallacher angezitoa wapi kofia 50?

Mheshimiwa Rais,

YAH: SHARTI LA MECHI 50

Kwanza salamu, kisha unisamehe kwa lugha. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu wewe hukosi mkalimani, nami nina watu wangu wanaokesha Jumamosi wakibishania nani straika bora wa zama zote, na ningependa wasikie ninachokuuliza.

Chama chako kina orodha ya heshima. Mchezaji akifikisha mechi 50 na timu ya taifa, ambazo kwenu huhesabiwa kwa kofia, hupewa nishani ya dhahabu, na picha yake ikatundikwa kwenye makumbusho ya soka pale Hampden, Glasgow. Kenny Dalglish yumo, mechi 102. Denis Law yumo, mechi 55. Kila mmoja aliifungia Uskoti mabao 30. Hao sina neno nao. Neno langu ni juu ya kijana wa Bellshill ambaye hayumo, na hata angefufuka leo asingeingia.

Hughie Gallacher alizaliwa 1903, akaonja kazi ya mgodini kabla ya soka kumwokoa. Kimo chake kilikuwa futi tano na inchi tano tu, mshambuliaji wa kati katika zama ambazo beki aliruhusiwa karibu kila kitu isipokuwa panga. Akiwa na Airdrieonians alitwaa Kombe la Uskoti 1924. Desemba 1925 Newcastle wakamnunua kwa pauni 6,500, na msimu wa 1926/27, akiwa nahodha, akafunga mabao 36 ya ligi na kuwapa ubingwa wa England. Tangu hapo Newcastle hawajauona tena ubingwa huo. Kwa jumla aliwafungia mabao 143 katika mechi 174. Walipomuuza Chelsea 1930 kwa pauni 10,000, ratiba ikamrudisha St James' Park, uwanja wa Newcastle, mwanzoni tu mwa msimu, tarehe 3 Septemba. Watu 68,386 walijazana kumwona akiwa na jezi ya wageni. Uwanja ule haujawahi kuingiza umati mkubwa zaidi ya huo.

Sasa tuje kwenye timu ya taifa. Mechi zake ni 20, kuanzia 1924 hadi 1935, na mabao yake yaliipita idadi hiyo ya mechi. Mheshimiwa, soma tena sentensi hiyo taratibu. Law hakuweza. Dalglish hakukaribia. Lakini orodha yako haihesabu mabao, inahesabu kofia, zile za mahameli zenye shada la nyuzi (sisi wa pwani kofia tunazijua, ila zetu hatungojei kupewa na kamati).

Tuhesabu basi. Baada ya Vita vya Kwanza, hadi msimu wa 1928/29 unakwisha, Uskoti ilicheza na Wales, Ireland na England, basi. Mechi tatu kwa mwaka. Safari ya kwanza nje ya visiwa hivyo ilikuwa Mei 1929, walipokwenda Bergen wakaichapa Norwei 7-3. Kwa mechi tatu kwa mwaka, 50 zinataka karibu miaka 17 bila kukosa hata moja: usiteguke kifundo, klabu isikunyime ruhusa, na mjumbe wa kamati ya uteuzi asiamke vibaya siku hiyo. Klabu kunyima ruhusa si jambo la kudhania. Mwaka 1930 Ligi ya England iliamua kwamba klabu zake hazilazimiki kuwaachia wachezaji wa mataifa mengine, na Waskoti waliokuwa wakicheza huko, Gallacher miongoni mwao, wakaumia. Kombe la Dunia nalo? Chama chako, pamoja na vyama vingine vya visiwa hivyo, kilijitoa FIFA 1928, hivyo fainali za 1930, 1934 na 1938 zikapita bila nyinyi. Mlifunga mlango wenyewe, kisha mnamuuliza aliyekuwa ndani kwa nini hakutembea.

Alan Morton, winga wa Rangers aliyeitwa timu ya taifa karibu kila mwaka kwa zaidi ya muongo mmoja, aliishia mechi 31. Jimmy McGrory wa Celtic ndiye wa kusikitisha zaidi. Mtu aliyefunga mabao 8 katika mechi moja ya ligi dhidi ya Dunfermline, Januari 1928, na kumaliza soka lake na mabao 550, alipewa mechi saba tu. Tarehe 1 Aprili 1933, pale Hampden, mbele ya watu 134,710, alifunga mabao yote mawili Uskoti ilipoifunga England 2-1. Wembley hakuchezeshwa hata siku moja.

Najua kuna watakaokunong'oneza kwamba Gallacher alikuwa mkorofi. Alikuwa. Alikunywa, aligombana, alifilisika. Mwishoni mwa 1927, baada ya mechi na Huddersfield, alimfuata mwamuzi chumbani, inasimuliwa kuwa ili amwombe radhi, akamkuta kainama kando ya hodhi la kuogea, akamsukuma ndani. Wakamfungia miezi miwili. Mwisho wake ulikuwa mzito kuliko vichekesho hivyo: Juni 1957, siku moja kabla ya kufika mahakamani kwa shitaka la kumpiga mwanawe, alipoteza maisha relini huko Low Fell, Gateshead. Siombi umfanye mtakatifu. Orodha yako haijawahi kumuuliza mtu tabia, humuuliza hesabu, nami nakuomba hesabu hiyo hiyo iwe ya haki.

Utaniambia pia kwamba Gallacher na McGrory wamo kwenye Jumba la Watu Mashuhuri, humo humo kwenye makumbusho. Ni kweli, na ni vizuri. Ila lile huteuliwa na jopo. Hii nyingine ndiyo ya chama, ndiyo inayosema ni nani aliyeitumikia jezi ya taifa.

Sikuombi ushushe 50. Waliozifikia wamezitolea jasho. Naomba ukuta mdogo pembeni yao kwa waliomaliza soka kabla ya 1946, na sharti liwe sehemu ya mechi alizocheza mtu kati ya zilizokuwepo siku zake, na kwa washambuliaji mabao yahesabiwe pia. Karani mmoja mwenye kumbukumbu za chama anaweza kuifanya kazi hiyo.

Tarehe 31 Machi 1928, akiwa ndiyo kwanza ametoka kwenye kifungo cha lile hodhi, Gallacher aliongoza mashambulizi ya Uskoti iliyoifunga England 5-1 Wembley kwenye mvua. Alex Jackson alifunga matatu, Alex James mawili. Yeye siku hiyo hakufunga. Machi 2028 itatimia miaka 100, na bila shaka mtafanya sherehe. Kupiga misumari michache ukutani kabla ya siku hiyo hakuhitaji bajeti.

Wako katika soka,
Mswahili mmoja mpenda mabao