Wito wa harambee: tummalizie kaka yetu kiwanja chake cha mpira wa kikapu

Ndugu, jamaa na majirani wa Makorora, mliopo hapa Tanga na mliotawanyika Dar, Mombasa, Muscat na kwingineko: Assalaam alaykum, Tumsifu Yesu Kristo, na kwa yeyote aliyebaki, habari za siku nyingi.

Naandika kwa niaba ya kamati, lakini marehemu alikuwa kaka yangu wa tumbo moja, kwa hiyo mtanivumilia pale katibu atakaponyamaza na mdogo mtu akashika kalamu. Jina lake siliandiki. Mama ameomba lisiwekwe ukutani wala kwenye karatasi yoyote ya kuombea pesa, na ombi la mama yetu mnajua halina rufaa. Mliomjua mmeshamjua: yule mrefu, karani wa bandarini, aliyeinama kwenye kila mlango wa mtaa huu, hata wa msikiti ambao ungempitisha na kofia yake bila shida.

Tunaomba shilingi milioni 10. Mkononi tunazo 3,150,000, zimebaki 6,850,000. Nimetanguliza hesabu ili mwenye haraka asisumbuke kutafuta tunataka nini. Mwenye nafasi tuendelee.

Kiwanja mnakijua, kile cha nyuma ya madarasa ya shule ya msingi. Tunakiita kiwanja kwa heshima tu. Ni zege lililomwagwa vipande vipande, kila kaka alipopata malipo ya saa za ziada anaongeza mita mbili tatu, na kila kipande kina umri wake na rangi yake. Kati ya kipande na kipande kuna ufa. Mpira ukidundia kwenye ufa unakata kona kuelekea vyooni, na watoto wanaocheza hapo wameujua ufa ule kiasi cha kumpasia mwenzao kwa kupitia humo. Masika yaliyopita nguzo ya kikapu ikalala. Kutu ilikuwa imeshailia chini kwa chini, upepo wetu huu wa chumvi mnaujua. Ilianguka usiku, hakuumia mtu, lakini asubuhi mwalimu mkuu alifunga kiwanja, na hatumlaumu. Nguzo ile ingeanguka saa kumi jioni, leo tungekuwa tunachanga kwa jambo jingine.

Niwaeleze habari ya pete, kile chuma cha duara cha kupitishia mpira, maana vijana wengi hawaijui.

Kaka alikuwa kidato cha tatu. Kabla ya hapo walikuwa wanarusha mpira kwenye tenga la nyanya lililotolewa kitako na kupigiliwa kwenye mnazi. Baadaye alipenda kutuambia kwamba hata mchezo wenyewe ulianza hivyo hivyo, mwaka 1891 huko Springfield, Marekani, mwalimu James Naismith alipotundika vikapu vya matunda ukutani, na ndiyo asili ya jina. Tenga likaoza. Akachanga senti zake, akanunua kipande cha nondo, akakipeleka kwa fundi wa kuchomelea. Fundi akamuuliza upana. Kaka alikuwa amesoma mahali kuwa ni sentimita 45, lakini fundi hakuwa na futi ya kupimia, akasema hiyo si ni dhiraa moja tu, akaweka kiwiko chake juu ya meza na kupima mpaka ncha ya kidole. Hesabu ya fundi ilikuwa sahihi, dhiraa ndiyo hiyo. Bahati mbaya fundi mwenyewe alikuwa mfupi. Pete ikatoka na sentimita 41.

Kwa asiyecheza, sentimita nne ni kitu gani? Mpira wa watu wazima una upana wa sentimita kama 24. Kwenye pete ya kawaida unapita ukiwa na nafasi ya kupumua, kwenye yetu nafasi hiyo ilikuwa imepungua. Watoto wa Makorora wakienda kucheza kwingine walikuwa wanaona pete za wenzao pana kama karai la kukandia unga.

Kwa pete hiyo finyu kaka alifika timu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani. Hapa nisiwadanganye, maana tangu afariki nimesikia habari nyingi za kunogesha, mara alikuwa nahodha, mara alitaka kuchukuliwa Ulaya. Hakuwa nyota. Alikuwa mchezaji wa akiba. Kazi yake ilikuwa kuingia pale mrefu mwenzake anapoishiwa pumzi, kusimama chini ya ubao, kuokota mipira inayorudi na kuwapa wenye kujua kufunga. Aliifanya kazi hiyo miaka miwili na hakuionea haya. Hasheem Thabeet, yule Mtanzania mwenzetu mrefu, alipochaguliwa wa pili kati ya wachezaji wapya wa NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, mwaka 2009 akitokea Chuo Kikuu cha Connecticut, kiwanja chetu kilifurika watoto, na kila mmoja anamuuliza kaka kama amewahi kucheza na Hasheem. Akawajibu hapana, lakini shida ya kupata viatu wanaijua wote wawili.

Kuna mechi moja aliyokuwa akiisimulia yeye mwenyewe bila kuulizwa. Ilikuwa dhidi ya chuo ambacho sikitaji, kwa kuwa wao wameshasahau na sisi bado. Timu yake iko nyuma kwa pointi moja, zimebaki sekunde chache, kaka akachezewa rafu, akapewa mitupo huru miwili. Anasimama kwenye mstari. Wa kwanza uligonga mdomo wa pete ukarudi. Wa pili ulizunguka pete, ukazunguka tena, ukatoka. Wakafungwa. Basi akifika hapo kwenye hadithi, anasimama palepale penye mstari wetu wa chokaa, anakunja magoti, anarusha kama siku ile, halafu anawageukia watoto: "Nimekulia kwenye pete finyu. Nilipoiona pana, nikaidharau."

Tangu hapo sheria ya kiwanja ikawa moja. Hanywi mtu maji mpaka apige mitupo huru 10. Akikosa sita, saba, hewala, ila 10 zitimie. Nami nilipigishwa, nikiwa na mafua.

Maji yenyewe yalitoka kwa mama. Shule haina bomba upande ule, kwa hiyo kila jioni ndoo mbili zilivuka barabara kutoka nyumbani kwetu na kurudi tupu, na kila jioni mama alilalamika kwamba ana wajukuu 30 ambao hakuwazaa mtu wa nyumba hii. Alilalamika na ndoo ya kesho ameshaijaza.

Ndiyo maana harambee hii ina bomba ndani yake. Siku ya khitma ya arobaini, shekhe alitukumbusha ile hadithi mnayoijua, kwamba mwanadamu akifa amali zake hukatika isipokuwa tatu: sadaka inayoendelea, elimu yenye kunufaisha, na mtoto mwema wa kumwombea dua. Baada ya kula, vijana wakaja kumweleza mama wazo la kiwanja, sakafu mpya na nguzo mpya. Mama akawasikiliza mpaka mwisho, akawauliza: "Watoto wakicheza wanaona kiu. Mmepanga wanywe wapi?" Hakukuwa na jibu. Makadirio yakarudishwa, yakaongezwa laki tisa za bomba, tangi la lita 1,000 na kijukwaa chake. Kama kuna mchangiaji anayeona mpira si jambo la kuombea thawabu, sitabishana naye, pesa yake tutaielekeza kwenye bomba na tutamwonyesha risiti ya bomba.

Sasa ujenzi. Kiwanja kamili ni mita 28 kwa 15, na hatutakijenga, kwa sababu hatuna eneo wala hatuna pesa hizo, na sitaki tuanze kitu kitakachoachwa misingi kama majengo mengine ya michango mnayoyajua. Tunajenga cha watatu kwa watatu, mita 15 kwa 11, pete moja. Huu si mchezo wa kufarijiana. Uliingia Olimpiki ya Tokyo iliyochezwa 2021, mechi ni dakika 10 au wa kwanza kufika pointi 21, na watoto wetu wameucheza miaka yote bila kujua una jina.

Zege la unene wa sentimita 10 kwa eneo hilo linakula mifuko 110 hivi ya saruji. Kwa bei tuliyopewa dukani, 17,000 kwa mfuko, ni 1,870,000. Kwa hiyo ukisikia huna cha maana cha kutoa, mfuko mmoja ni 17,000, na mfuko mmoja ni mita moja na nusu ya mraba ambayo mtoto atadundia mpira. Nyavu za chuma za kulalia zege zisipasuke tena ni 1,615,000. Hapo fundi alitushauri tuziruke tupunguze gharama, kamati ikakataa. Nyufa tumeshaziona. Nguzo, mkono wake, ubao na pete ni 1,800,000, bomba nene lililopakwa zinki ndani na nje, pete mita 3.05 kutoka chini, na safari hii fundi atapima kwa futi. Mchanga, kokoto, ufundi, rangi, mipira sita na akiba ya dharura vimo kwenye karatasi iliyobandikwa ofisi ya serikali ya mtaa. Anayetaka picha yake aombe, atatumiwa.

Kuhusu pesa kupita mikononi mwa watu. Akaunti ni ya kikundi, na hazitoki bila sahihi tatu: ya mweka hazina, ya mwalimu mkuu, na ya bibi mmoja wa vikoba ambaye hajawahi kukosea hata shilingi na anatisha. Mimi sina sahihi, nimekataa mwenyewe, maana ndugu wa marehemu akishika mfuko maneno hayakosi. Namba ya kutumia pesa ichukue kwa mweka hazina au kwa mjumbe wako ana kwa ana, au kwa kumpigia mtu unayemjua sauti. Ukipata ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii", huyo si sisi. Kila Ijumaa jioni orodha ya waliotoa inabandikwa, jina na kiasi, na asiyetaka jina ataandikwa "mwana Makorora".

Hakutakuwa na kadi za mchango, wala ukumbi, wala pilau ya harambee. Mtaa huu tumechangia harusi za milioni 15 zilizoisha usiku mmoja, na nimekula, sikatai. Lakini kuchinja mbuzi ili tupate pesa za saruji, halafu mbuzi ndiye ale saruji, hapana. Chai ya tangawizi itakuwepo.

Harambee ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, saa tisa alasiri, palepale kiwanjani. Kabla ya kutaja mchango wako utapimwa presha. Muuguzi wa mtaani kwetu amejitolea kuja na kipimo chake. Jambo hili nililiomba mimi. Kaka alirudi alfajiri kutoka zamu ya usiku, akaweka funguo mezani, akaanguka. Daktari alituambia presha ilikuwa imepanda muda mrefu mpaka mshipa wa kichwani ukapasuka. Hakuwahi kupima hata siku moja. Mtu ana kifua kile, anapanda ngazi za meli bila kuhema, nani angemwambia akapime? Presha haina alama ya usoni. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi, mara kwa mara, unatakiwa uende ukaonwe, hata kama jana ulicheza mpira. Hafikii mtu kwenye meza ya mweka hazina bila kupita kwenye meza ya muuguzi, na hilo halina mjadala.

Msaragambo wa kumwaga zege utafuata Jumamosi mbili baadaye, saa kumi na mbili asubuhi kabla jua halijakaza. Zege la sakafu ile lazima liishe siku moja, tukilimwaga vipande tutarudi kwenye nyufa. Tunahitaji watu 40, makarai, mabeleshi na ndoo. Asiye na pesa kabisa aje na mikono. Baada ya hapo kuna siku saba za kumwagilia asubuhi na jioni, kazi hiyo wameiomba watoto wa darasa la sita, wameshapangiana zamu, na kuna ugomvi tayari kuhusu nani anaanza. Hachezi mtu hapo mpaka siku 28 ziishe. Mwalimu mkuu ndiye atakayekaa na ufunguo.

La mwisho, kwa wale mnaoniuliza kuhusu pete ya zamani, na kwa yule bwana wa vyuma chakavu aliyekuja mara mbili: haiuzwi. Iko jikoni kwa mama. Ameilaza sakafuni na mtungi wake wa maji amekalisha juu yake, na anasema tangu auweke hapo umeacha kuyumba.