Barua kwa mdogo wangu aliyemsahihisha mama

Mdogo wangu,

Assalaamu alaykum. Mara ya mwisho ulilalamika kwamba ujumbe wangu haukuwa hata na salamu, na kweli haukuwa nayo. Basi ipokee hii. Kuianza ni sunna na kuijibu ni wajibu, kwa hiyo leo deni liko kwako.

Naandika hapa hadharani kwa sababu kwenye simu hatufiki popote. Nikikuandikia mistari mitatu unanirudishia mawaidha ya dakika 40 ya mtu nisiyemjua, bila neno lako hata moja. Hujaniambia kama unataka nisikilize au ninyamaze. Nimenyamaza vya kutosha, mwaka wa tatu sasa.

Unaikumbuka ile Magharibi. Najua unaikumbuka, maana niliwahi kukusikia ukiwahadithia watu, eti mfano wa kuamrisha mema kuanzia nyumbani. Mimi naikumbuka hivi.

Ilikuwa siku ya pili tangu urudi masomoni. Mama aliswali kitini, magoti yalishakataa. Meno yake ya bandia yalikuwa ndani ya glasi ya maji pale pembeni, kwa sababu fizi zilimuuma tangu asubuhi. Alisoma kwa sauti kama kawaida yake, sikio lilishapungua na alipenda kujisikia. Alhamdu, akatua. Arrahmani, akatua. Wewe ulishamaliza swala yako, umekaa nyuma yake, tasbihi mkononi, unasikiliza. Nakupa haki yako: hukumkatisha. Ulingoja atoe salamu kulia na kushoto. Ndipo ukasogea mbele yake ukachuchumaa.

"Mama, hiyo siyo ha. Unasoma he."

Ukaweka kidole kooni mwako. "Hapa. Katikati ya koo." Na mama, mtu mzima yule, akaweka kidole kooni mwake akajaribu. Ukatikisa kichwa. Akajaribu tena. Nilihesabu mpaka mara saba, nikaacha. Kisha ukahamia kwenye "waladh-dhwaalin", ukamwambia herufi dhwaad hutoka ubavuni mwa ulimi, ulimi ukigusa magego ya juu. Magego yapi, mdogo wangu? Magego yalikuwa kwenye glasi.

Halafu ukasema ile sentensi. "Fatiha ni nguzo, mama. Nguzo ikivunjika, swala haipo."

Mama akauliza, "Kwa hiyo zile zote?"

Ukajibu kwamba Mwenyezi Mungu ni Mwingi wa kusamehe, ila sasa elimu imeshamfikia. Ukainuka. Nafikiri ulikuwa umeridhika kabisa, na nafikiri ulimpenda, hilo sijawahi kulitilia shaka. Ulimwogopea moto. Lakini hukumtazama usoni ulipoinuka. Mimi nilimtazama. Nilikuwa nimesimama mlangoni na taulo yake mkononi, na sikusema kitu. Nilijiambia mwenye elimu ni wewe.

Tangu siku ile mama hakusoma tena kwa sauti. Midomo tu.

Sasa usinijibu kwamba Fatiha kweli ni nguzo. Najua. "Hana swala asiyesoma Fatiha", imo katika vitabu vya Hadithi vya Bukhari na Muslim, kutoka kwa swahaba Ubada bin Swamit. Hasira nilizokuwa nazo kwako zilinipeleka nikasoma, kwa hiyo nakushukuru, kama ni shukrani. Najua pia kwamba makosa yapo ya kutisha. Mtu akisoma "an'amtu" badala ya "an'amta", amegeuza "uliowaneemesha" kuwa "niliowaneemesha", amejipa mwenyewe kazi ya Mola. Angesoma vile ningekuwa wa kwanza kumsahihisha. Silaumu elimu ya tajwidi, ile ya kuitamka Qur'ani sawasawa. Nailaumu nusu yake uliyomletea.

Kwa sababu wanazuoni wale wale walioandika kwamba kubadilisha herufi ya Fatiha kunaharibu swala, hapo hapo wamemtoa mtu ambaye ulimi wake umeshindwa. Anayeweza kujifunza akapuuza ni mmoja. Aliyejitahidi ulimi ukakataa ni mwingine, na swala yake huyu ni sahihi. Haya hayajafichwa, yako katika mlango ule ule uliousoma kwa ustadhi wako. Na Hadithi ya bibi Aisha unaijua kuliko mimi: mahiri wa Qur'ani yuko pamoja na malaika watukufu, na anayeisoma kwa kukwamakwama, ikimwia ngumu, ana malipo mawili. Mawili! Wewe ulimwambia hana hata moja.

Ungeweza kumkumbuka hata yule bedui aliyekojoa msikitini. Masahaba walitaka kumrukia. Mtume (S.A.W.) akasema mwacheni, akaagiza ndoo ya maji imwagwe pale, basi. Au Muawiya bin al-Hakam, aliyemjibu mtu aliyepiga chafya katikati ya swala, watu wakawa wanajipiga mapaja yao kumnyamazisha. Baadaye alisema hajaona kabla wala baada yake mwalimu bora kuliko Mtume: hakumkemea, hakumpiga, hakumtukana. Alimweleza tu kwamba swala haifai kuingia humo maneno ya watu. Huyu alizungumza ndani ya swala, na hatusikii kwamba aliondoka pale na kichwa chini. Mama yetu aliondoka na kichwa chini.

Nikwambie kitu kuhusu ule mtuo wake. Miaka yote nilidhani ni pumzi. Kila aya anatua, kimya kidogo, kisha nyingine. Tulivyokuwa wadogo tulikuwa tunamcheka, wewe ukimwigiza mpaka unagaragara. Siku moja, wewe hukuwapo, nilimuuliza mbona hamalizi upesi. Akasema, "Namsubiri." Nikamuuliza anamsubiri nani, akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mtoto wake.

Sikuelewa. Nilielewa alipokwisha kufariki, nilipoisoma ile Hadithi Qudsi, maneno ya Mwenyezi Mungu kwa ulimi wa Mtume, ya Abu Huraira katika Muslim: "Nimeigawa swala baina yangu na mja wangu nusu mbili." Mja akisema Alhamdu lillahi Rabbil aalamin, Mwenyezi Mungu husema, "Mja wangu amenihimidi." Akisema Arrahmani Rrahim, Husema, "Mja wangu amenisifu." Akifika Iyyaaka na'budu, Husema, "Hii ni baina yangu na mja wangu, na mja wangu atapata alichoomba." Kila aya ina jibu lake. Sijui nani alimfundisha mama. Hakuwa na kitabu hicho. Lakini alikuwa anaacha nafasi ya kujibiwa, na wewe ukamwendea katikati ya mazungumzo ukamwambia matamshi yake hayafai.

Mimi si mtu wa kukuhubiria, nafahamu. Fatiha inasomwa mara 17 kwa siku katika faradhi peke yake, na kuna miaka nimeisoma mara 17 bila kuwapo hata mara moja. Unajua nilikuwa napenda sura gani? Al-Maa'uun. Kwa sababu ni fupi. Aya 7, pumzi mbili, rukuu. Niliikimbiza hivyo tangu utotoni mpaka mtu mzima, na tajwidi yangu ilikuwa safi, wewe mwenyewe ulijifunza madda, ule uvutaji wa sauti, kwangu. Kisha siku moja nikafungua tafsiri kutafuta jambo jingine, jicho likaangukia pale: "Basi ole wao wanaoswali, ambao wanapuuza swala zao." Nikafunga msahafu. Nilikuwa naitumia aya hiyo hiyo kuharakisha kumaliza swala. Fikiria mtu anayekimbia huku amebeba kibao kilichoandikwa "usikimbie".

Tangu hapo nasoma polepole, aya chache na maana yake. Si uvumbuzi wangu. Abu Abdirrahman as-Sulami, mwanafunzi wa masahaba, amesimulia kuwa waliowafundisha wao Qur'ani walikuwa hawavuki aya 10 mpaka wajue yaliyomo, elimu na amali. Wewe uliita hivi "Uislamu wa tafsiri". Ulisema pia kwamba watu wa aina yangu tukishindwa na vitendo tunakimbilia moyoni, "imani iko moyoni", na swala tumeziacha.

Lile liliniuma, na nitakwambia kwa nini. Kwa sababu kuna mwaka lilikuwa kweli. Mwaka ule baada ya talaka yangu sikuswali isipokuwa mama akiwa ananitazama, na nilikuwa na maneno mazuri sana kuhusu moyo. Neno "moyo" nimewahi kulitumia kama pazia. Nimekiri, limeisha. Lakini wewe uliona pazia langu tu, hukuliona lako. Mabedui walisema "tumeamini", wakaambiwa katika Al-Hujurat, aya ya 14, semeni "tumesilimu", kwani imani haijaingia bado nyoyoni mwenu. Walioambiwa hivyo hawakuwa wameacha vitendo. Vitendo walikuwa navyo. Ndiyo maana aya hiyo inanitisha kwa niaba yako, nami naomba unitishikie kwa niaba yangu.

Maziko. Najua unangoja nifike hapo.

Nilikwambia Hadithi inasema "harakisheni jeneza". Inasema. Kama ni mwema mnampeleka kwenye heri. Ndege yako ilikuwa itue usiku, sisi tulizika baada ya Adhuhuri. Ulipofika kaburi lilikuwa bado bichi na uliniuliza mara moja tu, "Mngeshindwa kunisubiri?" Nikakujibu kwa Hadithi. Kila mtu pale aliona nimejibu vizuri. Mwili haucheleweshwi, wazee walikubali, waoshaji walikuwa tayari, na joto lilikuwa kali, ningefanyaje? Mwenye kuamua hakuwa mimi peke yangu. Nimeyarudia haya mara nyingi sana, kwa watu ambao hawakuniuliza.

Nilikuwa naweza kuomba wasubiri mpaka Isha. Mjomba alisema kabisa, "Kijana hayuko njiani?" Nami nikasema sunna ni kuharakisha. Niliisema vizuri, kwa Kiarabu, kila herufi na makhraji yake, pale inapotokea kinywani. Ilikuwa sunna ya kweli, na nilikuwa nakuadhibu.

Na sababu ya kukuadhibu ndiyo jambo ambalo sijawahi kukwambia, wala sikumwambia mtu.

Kama wiki mbili baada ya ile Magharibi, wewe umesharudi ulikotoka, niliamka usiku nikaona taa chumbani kwa mama. Yuko kitini, mikono kifuani, midomo inacheza. Nikajua ni tahajjud. Usiku wa pili hivyo hivyo. Wa tatu nikamngoja atoe salamu, nikamuuliza, mama, hiyo ni swala gani? Akasema, "Adhuhuri."

Nikamwambia, Adhuhuri si umeswali mchana?

"Ya leo nimeswali. Hii ya zamani."

Alikuwa analipa. Umenielewa? Alikuwa anazilipa zile zote. Alikuwa na miaka 71 na ameanza na ya kwanza aliyoikumbuka, ya usichanani, akiwa amevaa khanga ya bibi. Nilimwambia, mama, huna deni, aliyeshindwa amesamehewa. Nilimwambia kwa upole, nikamwambia kwa ukali, nikaleta na kitabu. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Lakini yeye ndiye aliyesoma."

Ningekupigia simu usiku ule ule. Neno lako moja lingemtosha, ungemwambia tu "mama, nilikosea," na angelala. Sikukupigia. Nilisema nitakupigia ukiomba radhi kwanza. Alilipa hivyo mpaka siku zake za mwisho, na mimi nilikuwa chumba cha pili, nikiwa na hasira na haki.

Ukitaka tugombane tena kuhusu he na ha, nipo. Ukitaka kuja, njoo, mlango haujafungwa, na salamu nimeshaitoa.

Musala wake uliuchukua wewe, sikatai. Nilichobaki nacho mimi ni daftari. Lile la mistari, la mtoto wangu, ambalo alikuwa ameandika kurasa tatu za hesabu akaliacha. Mama alianzia nyuma. Kila swala kijistari kimoja cha penseli, vitano vitano, kimoja cha mwisho kimekatiza vinne. Herufi hakujua vizuri lakini vijistari vyake vimenyooka. Nimezihesabu siku zote. Kifungu cha mwisho kina vijistari vitatu: Alfajiri, Adhuhuri, Alasiri.

Magharibi haikuwahi.

Dada yako.