Hati ya kukamatwa haifi kwa kukaa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwatahadharishe wasomaji juu ya imani iliyozagaa kwamba hati ya kukamatwa ikikaa miaka mingi bila kutekelezwa hujifia yenyewe. Katika nchi nyingi zilizorithi sheria za Kiingereza, hati ya mahakama hubaki na nguvu hadi itekelezwe au ifutwe na mahakama iliyoitoa. Nadhani watu huichanganya na hati ya upekuzi, ambayo aghalabu huwekewa muda, au na ukomo wa kufungua mashtaka, ambao kwa kawaida haumsaidii mtu aliyekwisha kufikishwa kizimbani kisha akaruka dhamana.

Julian Assange, mwasisi wa tovuti ya WikiLeaks, aliruka dhamana mjini London mwaka 2012 alipokuwa akitakiwa na Uswidi, na mahakama ikatoa hati ya kumkamata. Waendesha mashtaka wa Uswidi walipoachana na uchunguzi wao mwaka 2017, mawakili wake waliomba hati hiyo ifutwe, lakini Februari 2018 mahakama ilikataa. Alipokamatwa Aprili 2019, alihukumiwa kifungo cha wiki 50 kwa kosa hilohilo la dhamana. Hata kifo hakifuti hati hivihivi. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilitoa hati dhidi ya Okot Odhiambo wa LRA, kundi la waasi wa Uganda, mwaka 2005, na ilifunga shauri lake mwaka 2015, baada ya uchunguzi wa kitaalamu kuthibitisha kwamba amekufa.

Linaloniuma zaidi ni hati zinazobaki hai ilhali shauri limekwisha. Ndugu yangu alilala mahabusu siku tatu kwa hati ya shauri lililoondolewa miaka sita nyuma. Mkononi alikuwa na nakala ya amri ya mahakama, imekunjwa mara nne hadi wino umefifia kwenye mikunjo, na askari wa zamu, aliyemsikiliza kwa adabu, alimjibu kwamba daftari lake halikuonyesha kufutwa kokote na kwamba yeye hana mamlaka ya kufuta. Askari huyo alisema kweli, na hapo ndipo penye tatizo.

Anayejua kuwa ana hati asingoje isahaulike, bali aende mahakamani kwa hiari yake, ikiwezekana na wakili, aeleze kilichomzuia kuhudhuria na aombe ifutwe. Nazo mahakama zilazimike kuwapelekea polisi taarifa ya kila hati iliyofutwa siku ileile amri inapotolewa, kwa maandishi, na aliyeipokea atie saini.

Msomaji wako