Waraka uliwarudisha watoto nyumbani, sisi tunawachukua alfajiri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nizungumze na wazazi wenzangu, hasa wa njia ya Kibamba, Mbezi na Kimara. Mimi ni dereva wa gari la shule. Jina la shule naliacha, maana mshahara wa mwisho wa mwezi bado nauhitaji.

Mtoto wa kwanza kwenye gari langu anapanda saa kumi na nusu alfajiri. Ana miaka sita. Mama yake humtoa getini amemfunga kanga juu ya sweta, dada wa gari anampokea kama mzigo, na kabla hatujafika Mbezi Mwisho ameshalala tena, mdomo wazi, begi mapajani. Hapo bado tunaizunguka Goba kutafuta wenzake. Jioni, kwa foleni za Barabara ya Morogoro, na kwa kuwa yeye ndiye wa mwisho kushuka, anafika kwao giza limeshaingia. Aoge, ale, akazaniwe homuweki, ndipo alale. Wataalamu wanasema mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12. Piga hesabu mwenyewe.

Mwaka 2023 Kamishna wa Elimu alitoa waraka wa kuzuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, ili wadogo walelewe na wazazi wao. Wapo walionung'unika, mimi niliufurahia. Mtoto wa miaka mitano anayelia usiku anamtaka mama yake, si matroni mwenye bweni zima la kuangalia. Lakini nikiwa kwenye usukani naona tumeukwepa waraka ule kwa mlango wa uani. Mtoto anahesabiwa anaishi kwao, ila saa anazokuwa macho zinaishia darasani na kwenye kiti cha Coaster. Mzazi anabakiwa na mtoto mwenye usingizi.

Ndani ya gari nasikia mengi, kwa sababu watoto husahau kwamba dereva naye ana masikio. Kuna kijana wa darasa la tano aliyekuwa mwimbaji wa gari zima. Ghafla akanyamaza. Jumatatu zikaanza kuja na maumivu ya tumbo, wakati mwingine anatapika. Nyumbani wakasema ni minyoo, baadaye ikawa uvivu, baadaye akapelekwa kuombewa. Siwacheki. Homa tunaijua, degedege tunaijua, lakini huzuni ya mtoto nani alitufundisha kuitambua? Siku moja tumekwama Ubungo, amekaa kiti cha nyuma yangu, akaanza kusema mwenyewe: wakubwa wa darasa la saba wanamnyang'anya chakula, halafu wanamtania kwamba baba yake ameikimbia nyumba. Na kweli baba alikuwa ameondoka. Nikamuuliza mbona hajamwambia mama. Akajibu, "Mama akirudi ananiuliza nimepata ngapi."

Dada wa gari alimweleza mama, mama akaenda kwa mwalimu wa darasa, na bado anaendelea kufuatilia. Kelele zimerudi. Siku hizi namwomba apunguze sauti.

Aliniambia mimi kwa sababu nilikuwa natazama barabara, wala sina hekima yoyote ya ziada. Binti yangu anasoma shule ya serikali, anakwenda kwa miguu, na Jumamosi tunaosha gari pamoja. Hatujafika tairi la nyuma nimeshajua nani kagombana na nani na mwalimu gani anamtisha. Nikimwita sebuleni, "njoo tuongee," anajua kuna kesi, anajibu ndiyo na hapana mpaka nichoke. Mzazi asiye na gari la kuosha ana mchele wa kuchambua, nguo za kukunja, safari ya dukani kwa Mangi. Mtoto akianza kusema, mwache amalize. Wengi wetu tunamkata katikati kwa mawaidha, kisha tunashangaa mbona ni msiri.

Na hilo la "umepata ngapi" tulipunguze. Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora na watahiniwa bora tangu matokeo ya kidato cha nne yaliyotoka Januari 2023. Kwenye kundi letu la WhatsApp, ambamo hata madereva tumo, majina ya watoto yanapangwa wa kwanza hadi wa mwisho kila mtihani wa mwezi. Yule wa mwisho anapanda gari langu kesho yake akijua kwamba hata mimi nimeona.

Shirika la Afya Duniani linasema theluthi moja ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla ya umri wa miaka 14, na nusu kabla ya miaka 18. Kwa hiyo mtoto aliyebadilika wiki baada ya wiki, hali chakula vizuri, amejitenga, amerudia kukojoa kitandani, asiachwe kwa kuambiwa atakua ataacha. Akisema anatamani kufa, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, ni bure, na mzazi pia anaweza kupiga. Halmashauri zina maofisa ustawi wa jamii. Muhimbili kuna idara ya magonjwa ya akili na watu wanatibiwa wanarudi makwao. Tatizo ukitaja daktari wa akili mtaani, wanakutazama kana kwamba umesema mtoto anakwenda kufungiwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma.

Ombi langu la mwisho ni kwa Kamishna wa Elimu na wenye shule. Shule zinapofungua, trafiki hutukagua breki, taa na tairi, na ni haki. Sijawahi kuulizwa mtoto wangu wa kwanza anapanda saa ngapi. Kama darasa la kuanzia bweni liliwekewa mpaka, basi na saa ya kumchukua mtoto getini kwao iwekewe. Wenye shule watasema magari yataongezeka na ada itapanda. Waseme ni kiasi gani, wazazi tuamue tukiwa tunajua.

Dereva wa gari la shule (jina limehifadhiwa),
Kimara, Dar es Salaam.