Watu wa pwani hawaogopi hasara, wanaigawana

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nijibu makala iliyotoka gazetini mwako, ambayo mwandishi wake alidai kwamba sisi wakazi wa pwani, na Tanga ikatajwa kwa jina, hatuna utamaduni wa kuweka akiba, tunaikimbia mikopo, na fedha zetu zinaishia kwenye shughuli kama za harusi. Kwamba utamaduni wa watu unaathiri namna wanavyotafuta fedha, wanavyozitumia na wanavyothubutu kuzihatarisha, hilo sina ubishi nalo. Ninachokataa ni kuuhesabu utamaduni wa wengine kuwa busara na wetu kuwa ugonjwa wa kutibiwa kwa semina.

Watafiti walioliangalia jambo hili kwa makini hawakufikia huko. Mwaka 1998 Elke Weber na Christopher Hsee walilinganisha watu wa China, Marekani, Ujerumani na Poland, wakawauliza wangekuwa tayari kulipa kiasi gani kwa uwekezaji ambao ungeweza kuleta faida au hasara. Wachina, ambao wengi wangedhani ndio wangekuwa waoga kuliko wote, ndio walioiona hatari kuwa ndogo zaidi. Maelezo waliyoyatoa watafiti hao ni kwamba katika jamii ambayo ndugu wanabebana, anayeanguka kifedha anaangukia mikononi mwa watu, na kwa hiyo anathubutu. Utafiti wao wa mwaka uliofuata, uliowahusu Wachina na Wamarekani, ulionyesha kwamba ujasiri huo wa ziada haukujitokeza katika maamuzi ya masomo na matibabu, jambo ambalo halishangazi, maana mjomba anaweza kukulipia deni lakini hawezi kukufanyia mtihani wala kuugua kwa niaba yako.

Zipo pia zile jedwali zinazopenda kunukuliwa, zenye alama za utamaduni wa kila taifa, zilizotokana na kazi ya Mholanzi Geert Hofstede. Msingi wake ni majibu ya wafanyakazi wa kampuni ya IBM kati ya miaka ya 1960 na 1970, na Tanzania haikupewa alama yake peke yake, bali iliwekwa kapu moja na Kenya, Ethiopia na Zambia kwa jina la Afrika Mashariki. Mvuvi wa Sahare, hapa Tanga, aliingiaje humo, mwandishi wa makala hakutueleza.

Tuje basi kwa huyo mvuvi. Atakayefika Deep Sea, pwani ya Tanga wanakoshushia samaki, asubuhi, vyombo vinapoingia na mnada wa samaki kuanza, ataona hesabu ambayo haifundishwi katika semina za elimu ya fedha. Samaki wakishauzwa, zinatolewa kwanza gharama za safari, yaani mafuta, barafu na chakula, kisha kinachobaki kinagawanywa kati ya mwenye chombo na nyavu kwa upande mmoja, na nahodha pamoja na mabaharia wake kwa upande wa pili. Nyavu zikirudi tupu, hakuna baharia anayedai mshahara wala mwenye chombo anayemdai baharia mafuta. Mmoja amekula hasara ya fedha, mwingine ya usiku mzima wa kazi. Watu hawa wanahatarisha mali na roho zao kila wanapotweka, kwa hiyo kuwaita waoga wa hatari ni kichekesho. Walichozoea ni hatari ya kushirikiana.

Mtu huyohuyo mpeleke sasa mbele ya afisa mikopo, umwambie arejeshe kiasi kilekile kila mwezi, kusi ikivuma au isivume. Pepo za kusi zikishika kasi katikati ya mwaka, wenye vyombo vidogo wanaweza kukaa siku kadhaa bila kutoka, lakini tarehe ya marejesho haijui upepo. Mkopo wa namna hiyo umeihamisha hasara yote ukamtwika mkopaji peke yake, naye anapoukataa amepiga hesabu sahihi kabisa.

Juu ya hapo liko suala la riba, ambalo kwa Muislamu si la kuchagua, kwa kuwa dini yake imeikataza. Benki ya Amana ilipofungua milango mwaka 2011, ikiwa benki ya kwanza nchini kuendeshwa yote kwa misingi ya Kiislamu, ilifanya hivyo kwa sababu wateja walikuwepo. Mwaka 2024 mamlaka yetu ya maji hapa Tanga iliuza hatifungani ya kijani, yaani hati ya kukopa fedha kwa wananchi na wawekezaji kwa ajili ya miradi ya mazingira, ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka, na wanunuzi wakavuka lengo. Nilifurahi kama mkazi. Lakini wapo majirani zangu wenye akiba, wanaoyanywa maji hayohayo, ambao waliiacha fursa hiyo kwa sababu ya neno riba tu, na hakuna aliyewawekea mlango mwingine.

Sitaki nionekane nausifia ushirika wetu kupita kiasi, kwa kuwa nao una gharama. Mwenye chochote haachwi akakusanya. Akina mama wengi wa Makorora na Ngamiani hawajiungi na kikoba kwa ajili ya faida ya hisa peke yake; wanataka pia kuwa na jibu la kweli shemeji anapokuja kukopa, kwamba hela ziko kikobani, ndani ya sanduku lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu, mpaka siku ya kuvunja. Hata michango ya harusi, ambayo mwandishi aliiita ufujaji, inaandikwa daftarini jina kwa jina na kiasi kwa kiasi, na yule uliyemchangia anajua kwamba zamu yako ikifika atarudisha.

Kuaminiana huko ndiko matapeli wanakokutafuta. DECI, mpango wa kuchangishana fedha kwa ahadi ya faida kubwa, iliyosimamishwa na serikali mwaka 2009 na viongozi wake wakafikishwa mahakamani, iliwavuta watu kwa maneno ya kanisani ya kupanda mbegu na kuvuna, na waliowaingiza wenzao walikuwa ndugu na waumini wenzao, si wageni. Hapo ndipo ningependa elimu ya fedha ielekezwe, kwenye namna ya kumuuliza maswali mtu unayemheshimu bila kumvunjia heshima, kwa sababu hilo sisi kweli linatushinda.

Kwa mabenki ninayo maombi mawili. Ratiba za marejesho ya wavuvi zifuate misimu ya bahari, na daftari za vikoba na upatu zikubaliwe kuwa ushahidi wa uaminifu wa mkopaji, kwa kuwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imekwisha kuvitambua vikundi vya kijamii vya fedha. Nayo mamlaka ya maji, itakapoingia tena sokoni, iandae sukuk, yaani hati ya uwekezaji isiyo na riba inayofuata misingi ya Kiislamu, kando ya hatifungani yake, ili na wale majirani zangu wapate kununua.

Msomaji wako,
Makorora, Tanga